Saa Iliyokataa Kusimama

Fundi Doudou alikuwa amenenepa ndani ya kasho la polisi, na hilo Inspekta Delphine Bolamba hakulipenda hata kidogo.

Kasho za Kisangani humpa mtu sakafu na ukuta, basi. Chakula ni juu ya watu wake. Asiye na watu huanza kukaza mkanda mapema, na Doudou hakuwa na watu. Alikuja peke yake kutoka Kindu, akaweka meza ya kutengeneza saa karibu na soko kuu, akawa analala nyuma ya meza hiyohiyo. Sasa alikuwa amemaliza wiki nzima chini ya ulinzi kwa tuhuma ya wizi, na mashavu yake yaling'aa mafuta ya mawese.

"Nani anakuletea chakula?" Delphine aliuliza.

"Mama mumoja ya kanisa, chef. Anatumaka mutu ya toleka na baiskeli yake. Jina yake siijue."

Delphine aliinua kifuniko cha bakuli lililokuwa magotini pa mfungwa. Lituma ya ndizi, laini, imetwangwa na mtu mwenye subira. Pembeni yake liboke, samaki aliyeokwa ndani ya majani, bado ana mvuke.

"Na weye unakula tu, bila kuuliza?"

"Niulize nani, chef? Samaki?"

Célestin, karani wa ofisi, alicheka mlangoni. Delphine alimtazama, naye karani akaacha. Kisha inspekta akalipindua bakuli kidogo, taratibu, asimwage, akaangalia chini yake. Kulikuwa na herufi mbili zilizoandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha: M.H. Akina mama wa mji huu wote hufanya hivyo. Ukiazimisha vyombo vyako kwenye matanga bila alama, usilie vikipata nyumba nyingine. Delphine alilirudisha bakuli, akamwacha mtu amalize kula.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana kila mtu aliitaka imalizike. Mlalamikaji alikuwa Profesa Médard Lokondo, aliyefundisha fizikia hadi nywele zikamwisha kichwani. Profesa alikuwa na ugonjwa wa saa. Si saa zozote: za zamani, za kutia ufunguo kwa vidole, za aina walizovaa watu waliokwenda angani. Alikuwa na ya Kimarekani, ndugu wa zile zilizofika mwezini. Alikuwa na ya Uswisi ambayo mshale wake mdogo huzunguka mara moja tu kwa siku nzima, kwa sababu huko juu jua huchomoza na kuzama ovyo, na mtu asipoangalia atakula chakula cha asubuhi usiku. Na alikuwa na moja ya Kirusi, uso mweusi, mishale ya rangi ya maziwa, aina waliyopewa wanaanga wa Kisovieti. Hiyo ndiyo iliyopotea.

Profesa alikuwa amepanga kuuza mkusanyo wote kwa mnunuzi kutoka Kinshasa, akamwita Doudou nyumbani azisafishe. Doudou alifanya kazi siku nzima, akaondoka mvua ilipoanza. Asubuhi yake sanduku lilipofunguliwa, nafasi ya ile ya Kirusi ilikuwa tupu. Hakuna mgeni mwingine aliyeingia. Mchana huu gari la parketi, ofisi ya mwendesha mashtaka, lingekuja kumchukua fundi, na baada ya parketi ni gereza kuu, mahali ambapo mtu asiye na ndugu husubiri mpaka asahau alishtakiwa nini.

"Niambie tena siku ile," Delphine alisema.

"Chef, sikuiba. Ile saa hata sikuifungua. Nilisafisha zingine zote, ile nikasema ni ya kesho. Iko na taabu, nilisikia kwa sikio. Mafuta ilikauka ndani, inatembea kama muzee ya magoti mubaya. Nikasema kesho nitaisimamisha, nitaifungua, nitaisafisha. Nikaenda kunawa mikono. Nikarudi, nikakusanya vyombo yangu, mvua ikaanguka, nikakimbia."

"Uliporudi kutoka kunawa, ilikuwa pale?"

Doudou alifikiri kwa uaminifu, na uaminifu huo haukumsaidia. "Sikuangaria, chef."

"Maneno ya kuisimamisha ulimwambia nani?"

"Papa Profesa alikuwa ameenda chuo. Nilimwambia mama ya nyumba. Alikuwa analeta chai."

*

Kabla ya kumpeleka mtu gerezani, Delphine alikuwa na mlango mmoja zaidi wa kugonga. Msichana wa usafi katika hoteli moja ya ukingoni mwa mto alikuwa amemwambia polisi wa zamu kwamba mgeni kutoka Kinshasa ana saa kubwa ya zamani mezani, na saa hiyo haikubaliani na ya hoteli: inapishana nayo kwa saa moja kamili. Mgeni huyo ndiye Landry, mnunuzi wa mkusanyo.

Delphine alipanda toleka, akakaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na faili mapajani. Upande wa pili wa mto, mtaa wa Lubunga ulikuwa umefunikwa na ukungu, na pirogi za kwanza zilikuwa zinarudi na mizigo ya mihogo. Alipata nafasi ya kufikiri, jambo ambalo gari la polisi halimpi mtu, kwa kuwa daima halina mafuta.

Landry alimpokea barazani, mwanamume wa makamo aliyepaka manukato ya kutosha watu wanne.

"Saa yangu? Ndiyo hii, mama. Tazama bien." Aliivua mkononi. Ilikuwa kubwa, ya zamani, ya chuma, lakini uso wake ulikuwa mweupe na maandishi yake ya Kifaransa. "Iko nyuma kwa sababu ni saa ya Kinshasa. Mimi nikitoka Kin, saa yangu inabaki Kin. Bibi yangu akinipigia, ninajua kama anapika ao analala."

Delphine aliigeuza, akasoma mgongo wake, akairudisha. Alimwelewa kuliko alivyotaka. Mume wake na binti zake wawili walikuwa Kinshasa tangu yeye apewe kazi hapa, na kila jioni kabla ya kupiga simu huhesabu kichwani: ondoa saa moja. Kuna siku hesabu hiyo ndogo humuuma.

"Ile ya Kirusi uliiona kwa macho yako?"

"Mara moja. Mama, ile ni kitu! Zile zingine ni mwili, ile njo kichwa. Bila yo sichukue kitu, nitarudi na ndege ya kesho." Landry akashusha sauti. "Lakini nitakwambia kitu moja. Mimi nimefanya hii kazi miaka. Mukusanyaji akiuza, analia, anakubembeleza umwachie moja. Profesa hapana. Alikuwa ananisukuma. 'Ya Kirusi ianze kutoka. Ichukue leo.' Nikamwambia tungoje isafishwe. Alikasirika. Donc nilijiuliza, huyu muzee anafukuza saa?"

"Anafukuza?"

"Kabisa. Kama mutu anafukuza mbwa ya jirani."

*

Ofisini Célestin alikuwa ameshapanga karatasi za parketi, na alikuwa na haraka ya mtu anayetaka kwenda kula.

"Chef, gari inafika saa nane. Saini tu."

Delphine alisoma. Alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu hadi mwisho, na Célestin alikuwa ameomba msamaha kwa Mungu mara nyingi kwa jinsi alivyoichukia tabia hiyo. Maelezo ya mlinzi wa lango: fundi alitoka mvua ilipoanza, saa kumi za jioni. Maelezo ya Mama Lucie, mke wa Profesa: alisimama dirishani, akamwona fundi anakimbia na mvua kuelekea langoni, akaangalia saa, ilikuwa saa kumi na moja. Hapo maneno "na moja" yalikuwa yamekatwa kwa kalamu, na pembeni mwandiko mzuri wa Célestin ulisema: *shahidi anatumia saa ya Kinshasa*.

"Hii ni nini?"

"Ah, chef, kila faili iko na hii shida. Mutu anasikiliza radio ya Kin, anashika saa ya kule. Bashahidi wakipishana saa moja, ni Kin. Nilikorije makosa tu."

"Ulimuuliza?"

"Kwa nini nimuulize? Kila mutu anajua."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa tatizo. Katika mji huu, saa moja ikipotea kati ya watu wawili, hakuna anayeitafuta. Wote wanasema iko Kinshasa. Delphine mwenyewe alikuwa amesaini mafaili ya namna hiyo bila kukuna kichwa.

"Célestin. Wakati hapa ni saa kumi, Kinshasa ni saa ngapi?"

Karani aliangalia dari. "Saa tisa."

"Na mama alisema?"

"Saa kumi na..." Célestin aliinamia meza. Alichukua karatasi, akaisoma tena kama imeandikwa na adui yake. "Lakini iko mbele. Kin iko nyuma yetu. Yeye aliweka mbele."

"Mvua ilianza saa kumi. Hata mimi ilinikuta sokoni. Mama hakukosea mvua, na hakutumia saa ya Kin. Aliangalia saa iliyotangulia. Sasa nionyeshe, katika nyumba ile, saa moja tu iliyotangulia."

Delphine alilijua jibu. Siku ya kwanza ya kesi, Profesa alikuwa amemfunulia sanduku lake la mbao na kumweleza kila kitu, kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa lililojaa. Saa zote zilikuwa zimelala, alisema, kwa sababu chuma hakipendi kuchoshwa. Moja tu ilikuwa inatembea, ile iliyopotea. "Ilikuwa kwa saa ya Moscou, Mama Inspekta. Barusi balikuwa banahesabia safari zao zote za angani saa ya Moscou. Moscou inatutangulia saa moja." Delphine alikuwa ameandika hayo kwa adabu tu, bila kufikiri yatamfaa.

Basi Mama Lucie, wakati anamwona Doudou anakimbia mvuani kuelekea langoni, alikuwa na saa ya Kirusi mbele ya macho yake. Fundi alikuwa nje. Saa ilikuwa ndani.

"Faili haiendi," Delphine alisema, akachukua mkoba wake.

"Na gari ya parketi?"

"Wape chai."

*

Nyumba ya Profesa ilikuwa ya zamani, ya paa refu, na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Mama Lucie alimkaribisha sebuleni, mwanamke mrefu, mpole, aliyefunga kitenge chake kwa unadhifu. Juu ya kabati kulikuwa na picha moja tu: kijana amesimama kwenye theluji, kofia ya manyoya imemfunika hadi nyusi, anacheka.

"Papa ameenda kuona mutu ya Kinshasa," alisema. "Anarudi sasa hivi. Kaa, mwanangu."

Delphine alikaa. Aliomba maji, akaletewa, akanywa. Hakukuwa na saa ukutani. Simu ya mama, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa kwa jirani mwenye jenereta, inachajiwa.

"Mama, samahani, simu yangu pia imezima. Sasa ni saa ngapi?"

Mkono wa Mama Lucie ulikwenda kifuani, ukaingia kidogo kwenye shingo ya blauzi, macho yakashuka na kupanda. Yalikuwa mazoea, mepesi kama kujifuta jasho.

"Saa saba," alisema.

Wakati huohuo kengele ya kanisa kuu ikaanza kulia, ile ya saa sita mchana. Ililia yote. Mama Lucie aliisikiliza hadi mwisho, mkono bado uko kifuani. Delphine hakufurahi, ingawa alikuwa amepata alichokuja kukitafuta.

"Mama, chini ya bakuli la Doudou kuna herufi mbili, M na H. Hapa mutaani watu wanakuita nani?"

"Mama Hugues."

"Ni weye unamulisha."

"Nifanye nini, mwanangu? Hana mama hapa. Mutoto ya mutu analala chini kwa sababu yangu, nile miye peke yangu?" Machozi yalikuwa yameanza. "Nilijua batamwachilia. Kama hawaone kitu kwake, batamwachilia. Kila asubuhi nilisema, ni leo."

"Leo njo wanamupeleka parketi. Saa nane."

Mama Lucie alijishika mdomo. Kisha akaitoa saa kutoka kifuani, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, akaiweka mezani, lakini vidole vyake havikuiachia.

Alisimulia kwa vipande. Hugues alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa amelelewa katikati ya zile saa, baba yake akimweleza maroketi kabla hajajua kusoma, na alipopata nafasi ya kwenda kusomea uhandisi Moscow nyumba nzima ilicheza. Baridi ya kwanza, alituma saa ile kwa mkono wa mwenzake aliyekuwa anarudi likizo: aliiona sokoni kule, kati ya viatu vikuukuu, akaijua mara moja. Alisema kwenye simu, "Mama, nimeiweka kwa saa ya huku. Ukiiangaria unajua niko wapi." Kisha, misimu miwili ya mvua iliyopita, alisema amepata kazi katika mji mwingine, jina la mji hakulitaja vizuri, na baada ya hapo simu yake haikuita tena. Ubalozi hauna jibu. Wenzake hawana jibu.

"Tangu siku ile ninaamuka nayo," Mama Lucie alisema. "Ninaitia funguo asubuhi, papa akiwa anaoga. Ninakula kwa saa yake, ninasali kwa saa yake. Saa ya hapa siijue tena. Ninamwitaji yule mutoto mpaka meno inaniuma. Nilisema, ikitembea, yeye anatembea. Bon, yule fundi ananiambia, na kikombe ya chai mukononi: mama, kesho nitaisimamisha." Aliinua macho. "Alisema vile tu. Hakujua. Akaenda kunawa, nikaichukua."

Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka bila wao kusikia. Profesa Médard alikuwa amesimama kwenye ushoroba, kofia mkononi, na ilionekana amesimama hapo kwa muda.

"Ni weye," alisema. "Lucie. Ni weye ulikuwa unaitia funguo."

"Kila asubuhi."

Profesa alikuja, akakaa kwenye kiti cha karibu. Delphine alijiandaa kwa hasira. Hasira haikuja.

"Miye niliacha kuitia," Profesa alisema. "Zamani kidogo. Nilijiambia, Médard, wewe ni mutu ya sayansi. Iache isimame. Siku itasimama utakubali kwamba mutoto amekufa, utamulilia, utamufanyia matanga kama batu wote. Nikaiacha. Asubuhi, inatembea. Kesho yake, inatembea. Wiki, inatembea! Saa ya namna ile haimalizake siku mbili bila mukono ya mutu." Alijipangusa kichwa kwa kofia. "Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, Mama Inspekta. Nilianza kuogopa nyumba yangu. Ao akili yangu inakwenda, ao ni Hugues anakujaka kuitia. Zote mbili sikuweza. Njo nikatafuta mutu ya kuipeleka mbali."

"Kwa nini hukuniuliza?" mke wake alisema.

"Nikuulize nini? 'Lucie, mutoto wetu anakujaka?' Ningekuua na hiyo swali."

Delphine akauliza, kwa sababu kuuliza ndiyo kazi yake. "Papa Profesa, ulitaka iende. Ikaenda. Mbona ulikuja mbio kwangu kulalamika, na kulia?"

Mzee aliitazama saa iliyokuwa chini ya vidole vya mkewe.

"Usiku ile sikuisikia," alisema. "Nyumba ilinyamaza. Sikujua kama nitaweza kuumia hivyo tena."

Mama Lucie aliondoa vidole. Profesa hakuigusa saa. Aliushika mkono wa mke wake, uliokuwa bado mezani, na wakabaki hivyo bila haya mbele ya mgeni. Delphine alitazama picha ya kijana kwenye theluji. Aliwakumbuka binti zake wakati ule, kwa nguvu iliyomshangaza, sauti zao tu zingemtosha.

Lakini kesi ni kesi. "Papa, bila wewe kuondoa malalamiko, sina njia ya kumfungulia. Na mama, maelezo yako tutayaandika upya, na safari hii Célestin hatakata kitu. Twende. Gari la parketi litakuwa limeshafika."

*

Célestin alikuwa amewapa watu wa parketi chai, kisha mkate, kisha hadithi zake zote, na alikuwa amebaki na moja tu walipoingia. Profesa aliandika kwa mkono wake kwamba hakuna wizi, saa ilikuwa ndani ya nyumba yake. Mama Lucie alieleza yote tena, wima, bila kujitetea. Watu wa parketi waliondoka na gari tupu, wakinung'unika kuhusu mafuta.

Doudou aliletwa kutoka nyuma. Alipomwona Mama Lucie na bakuli la jioni mkononi, alijua ndiye aliyekuwa anamlisha.

"Ni mama, kumbe," alisema.

"Ni miye niliichukua saa, mwanangu. Na niliwaacha bakufunge. Unisamehe kama unaweza. Kama hauwezi, nitaelewa."

Doudou alilichukua lile bakuli, akaliweka mezani. Alikuwa na haki ya kupiga kelele, na wote ofisini walikuwa wanangoja apige.

"Nimelala chini wiki moja, mama," alisema mwishowe. "Soko nzima inasema miye ni mwizi. Utaenda pale na miguu yako, meza kwa meza, utawaambia."

"Nitaenda. Kesho asubuhi nitaanza."

"Na miye nitakuwa nyuma yako," Profesa alisema.

Delphine alivunja muhuri wa mfuko uliokuwa kabatini, akamrudishia fundi vyombo vyake: bisibisi ndogo, koleo, chupa ya mafuta isiyozidi kidole, lenzi ya jicho. Doudou alivihesabu kwa kuvigusa. Kisha, kwa kuwa saa ilikuwa pale mezani na yeye ni fundi, aliichukua na kuiweka sikioni. Uso wake ukabadilika.

"Mama, sikiliza." Akaiweka kwenye sikio la Mama Lucie. "Unasikia inavyochechemea? Iko inakata yenyewe ndani. Kama haisimame leo kwa mukono yangu, itasimama peke yake siku moja, na ile siku haitaamuka tena."

Mama Lucie alisikiliza. Alijua, Delphine aliona kwamba alijua tangu zamani, kwamba kila asubuhi vidole vyake vilisikia ugumu ule. Alimtazama mume wake. Profesa aliweka kofia chini. Alivuta kiti kimoja karibu na meza ya Célestin, akavuta na cha pili.

"Tutakaa pamoja," alisema. "Ikiwa imesimama, tutakuwa pamoja."

"Basi simamisha," Mama Lucie akamwambia fundi. "Lakini usitoke mbele yangu."

Doudou alivaa lenzi yake, akafungua mgongo wa saa, akagusa mahali fulani kwa ncha ya koleo. Mshale wa sekunde ukasimama. Mama Lucie alitoa sauti ndogo, na mumewe akamshika bega. Nje walipita watu wa toleka wakipiga kengele za baiskeli, na mtu mmoja alikuwa anabishana juu ya samaki.

Kazi ilichukua mchana wote uliobaki. Vipande vilitoka kimoja kimoja, vikalala juu ya karatasi nyeupe nyuma ya faili la kesi iliyokufa. Profesa alianza kumweleza mkewe kila kipande kinafanya nini, kwa sauti ya chini, na katikati ya maelezo akawa anasema habari za Hugues: siku alipoifungua redio ya babu yake akashindwa kuifunga, siku alipouliza kama mbinguni kuna saa. Mama Lucie alicheka mara moja. Kisha akalia, kisha akamlazimisha Doudou ale kabla lituma haijapoa. Delphine alikuwa na mafaili mengine, na hakuyafungua.

Jua lilipokuwa linashuka upande wa Isangi, magharibi ya mji, Doudou alifunga mgongo wa saa, akazungusha kifundo cha pembeni polepole, akaiweka sikioni. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Delphine amjue. Akavuta kifundo nje, tayari kusogeza mishale.

"Sasa niiweke kwa saa gani?" aliuliza. "Ya hapa, ao ya kule?"

Delphine aliona Profesa anamtazama mkewe, na mkewe naye anamtazama mumewe. Wakajibu kwa pamoja.

"Ya kule."